Ndani Kuna Nini?

(Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa kompyuta na katuni za Kijapani, hapa Soweto, Mbeya. Nayaweka yote kwa ajili ya waliozuiwa na mvua, na wenzetu wa Iringa na Tukuyu waliokwama nauli. Picha za ukutani nimeziacha, na kwa kweli hamjapoteza kitu.)

Mughonile! Naona salamu ya Kinyakyusa mmeitikia vizuri, hata wale ambao najua ni Wahehe. Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Mama mwenye ukumbi, ndaga fijo kwa viti na kwa kutuwashia jenereta.

Wadogo zangu, kaka zangu, dada zangu. Kwenye mwaliko mmeniandikia mambo matatu: kompyuta, anime (ndizo hizo katuni za Kijapani) na uwekezaji. Pale mlangoni mzee mmoja kaniuliza, "Kijana, hayo yanakaaje kwenye kikao kimoja?" Nikamwambia, mzee wangu, kaa kwanza, utaona. Kwa hiyo nadaiwa jibu.

Nijitambulishe. Mimi si mchambuzi wa fedha. Mchana nashinda kwenye stoo ya pembejeo, mbolea na mbegu za mahindi. Kompyuta nilizipenda kabla sijamiliki hata moja, anime ndiyo inayonikesha, na hela yangu ya kuwekeza ni ile inayobaki baada ya kodi ya nyumba, ada ya watoto na bando. Kwa hiyo atakayetoka hapa akasema nimemwambia anunue hisa za fulani, huyo atakuwa amesikiliza kikao kingine.

Ila kuna swali moja ninalotembea nalo kwenye mambo yote matatu. Mashine inang'aa dukani: ndani kuna nini? Katuni inapendwa dunia nzima, vinyago vyake vinauzwa kila mahali: ndani kuna nini, na nani analipwa? Mtu anakuja na mchongo wa hela: ndani kuna nini? Semeni wote. Ndani...? Haya. Sasa tunaweza kuanza.

Tuanze na flashi. Kuna kijana fundi simu pale Mwanjelwa, wengine humu mnamjua, alinunua flashi kwa mchuuzi wa barabarani. Juu imeandikwa TB 2, yaani kama GB 2,000. Bei, shilingi 20,000. Akaichomeka, kompyuta ikasoma TB 2. Jamani, nani asingefurahi? Na huyu kijana ni mtu wa One Piece, na mtu wa One Piece mnajua ana mzigo gani: ile katuni ilivuka kipande cha 1,000 mwaka 2021, na mpaka leo yule kijana wa kofia ya majani hajaipata hazina yake. Fundi wetu akahamisha vipande usiku kucha. Majina yote yakajipanga vizuri, ukubwa wa kila faili unaonekana. Kuja kufungua, vya mwanzo vinacheza safi. Ukifika mbele kidogo, giza. Jina lipo, ukubwa upo, picha hakuna.

Akaniletea. Tukaipasua ile flashi kwa kisu cha jikoni. Ndani tukakuta kibao chembamba cha saketi, na juu yake kadi ndogo ya memori, hizi hizi za kuweka kwenye simu, imebandikwa kwa gundi iliyomwagika mpaka pembeni. Tulipoipima, uwezo wake wa kweli ulikuwa GB 32.

Sasa kompyuta ilidanganywaje? Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye mkutano wote. Ndani ya kila flashi kuna chipu ndogo inayoisimamia. Kompyuta ikitaka kujua nafasi iliyopo, haiendi kupima, inaiuliza ile chipu, na inaamini jibu. Tapeli anachofanya ni kuipanga chipu ijibu TB 2. Basi. Ukiandika data kupita uwezo wake, chipu inaitikia "nimepokea, leta nyingine," huku inazitupa. Kila kitu unachokiona kwenye skrini ni kile chipu ilichofundishwa kusema.

Utaijuaje? Zipo programu za bure: H2testw kwa wenye Windows, F3 kwa wenye Linux, ule mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Zinaijaza flashi mpaka ukingoni, halafu zinasoma yote tena na kulinganisha kilichoingia na kinachotoka. Kwa flashi kubwa ni kazi ya kulala nayo. Hakuna njia ya mkato. Kipimo ni kujaza na kurudisha, kujaza na kurudisha. Namba ya kwenye skrini si kipimo. Shikeni hilo, nitalihitaji tukifika kwenye hela.

Laptopu za mtumba nazo zina stika zake. Muuzaji anakuonyesha stika ya Core i7, jina la prosesa, ule ubongo wa mashine, anaigusa kwa kidole kabisa. Muulize: i7 ya kizazi cha ngapi? Maana i7 ya laptopu ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, inaweza kupitwa na i3, ya daraja la chini, ya kizazi cha nane. Stika ni ile ile, ndani miaka imepita.

Na hapo hapo kuna neema. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya bure ya kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, yaani za mwaka 2017 kuja juu, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Maana yake ni kwamba maofisi huko duniani yanaondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo hazina ugonjwa wowote. Hizo zinakuja kwetu. Toa hadidiski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, weka SSD, yaani diski isiyozunguka, fikisha RAM, memori ya kufanyia kazi, GB 8, weka Linux, na una mashine ya kazi kwa miaka. Na hapa Mbeya tuna bahati ya ziada: Juni na Julai baridi yenyewe ni feni ya bure. Wenzetu wa Dar es Salaam wanailipia hiyo.

Nikija kwenye anime, naomba tukubaliane jambo moja. Wengi wenu kompyuta hamkufundishwa darasani. Mmefundishwa na katuni iliyokataa kucheza. Kuanzia mwaka 2011 hivi, mashabiki wanaotengeneza mafaili ya anime walihamia kwenye video ya biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi, kwa sababu ile ya biti 8 inaacha michirizi kwenye anga la usiku, na anime bila anga la usiku ni nini? Sasa vichakato vingi vya picha havikujengwa kuifungua H.264 (namna moja ya kubana video) ya biti 10, kwa hiyo mzigo wote unahamia kwenye prosesa. Ndiyo maana laptopu ya mwanachuo wa Iyunga ilikuwa inalia kama inataka kuruka, Naruto anakwamakwama, na yeye anasema mashine ina virusi. Haikuwa na virusi. Aliyeuliza "ndani kuna nini" akajifunza kodeki, yaani hizo namna za kubana video, akajifunza tofauti ya prosesa na kichakato cha picha. Aliyeogopa kuuliza akapeleka kwa fundi, akalipia kusafishiwa virusi ambavyo havikuwepo.

Kuna dada mmoja wa Kihesa, Iringa. Alikuwa anamwekea mdogo wake maandishi ya Kiswahili kwenye katuni, maana mtoto Kiingereza kilikuwa hakijapanda. Anatumia Aegisub, programu ya bure. Wengine mnadhani kutafsiri ni kazi ya maneno tu. Mkaangalieni anavyofanya: mstari unatakiwa uingie mhusika anapofungua mdomo na utoke kabla picha haijakatika, ukichelewa hata robo sekunde, jicho linajua. Sentensi ikiwa ndefu, anaifinya isomeke kabla haijapita. Leo dada huyu analipwa kuweka maandishi kwenye video za mahubiri na mafunzo ya kilimo cha parachichi. Narudia, analipwa kwa hizo, si kwa katuni. Katuni ina wenyewe, na kuuza kazi ya mtu kwa sababu tu iko kwenye flashi yako ni habari nyingine kabisa, hata kama mtaa mzima unafanya.

Na hao wenyewe ni akina nani? Hapo ndipo mashabiki tunapokuwa wavivu. Tunajua nguvu za kila mhusika, nani anampiga nani, tunagombana mpaka saa nane usiku. Nani analipwa? Kimya.

Tarehe 1 Januari 1963, mchora katuni Osamu Tezuka alianza kuirusha Astro Boy, katuni ya mtoto wa roboti, kwenye televisheni ya Japani, nusu saa kila wiki. Kituo alikiuzia kwa bei ya chini ya gharama za kuitengeneza. Ili amudu, akapunguza michoro: mhusika anasimama, mdomo tu ndio unacheza, mandhari ya jana inatumika tena kesho. Pengo akalifidia kwa mauzo ya vitu vyenye sura ya yule mtoto wa chuma na kwa kuiuza katuni Marekani. Kazi ikapendwa mno. Lakini bei ya chini ikawa ndiyo mazoea, na kampuni yake, Mushi Production, ikafilisika mwaka 1973.

Siku hizi anime nyingi zinagharamiwa na kamati. Mchapishaji wa manga, vile vitabu vya katuni, anachanga, kituo cha televisheni kinachanga, kampuni ya muziki, watengeneza vinyago, na faida wanagawana kwa kadiri ya mchango. Studio inayochora mara nyingi haimo kwenye kamati. Inalipwa ujira wake, inakabidhi kazi, basi. Katuni ikilipuka dunia nzima, kamati inahesabu na studio inapigiwa makofi. Wachoraji wengi wanaoanza wanalipwa kwa mchoro mmoja mmoja. Ndiyo maana studio ya Kyoto Animation iliheshimika kwa kuwapa wachoraji wake mshahara wa mwezi.

Nina mfano mwingine wa Kijapani, na huu ni wa kompyuta moja kwa moja. Mwaka 1969, kampuni ya kutengeneza vikokotoo iitwayo Busicom ilikwenda Marekani kwa Intel, wakati huo Intel bado kampuni changa, iwatengenezee chipu. Badala ya chipu nyingi za kazi moja moja, wahandisi wakaja na moja inayoweza kupangiwa kazi yoyote. Mjapani Masatoshi Shima na Mwitaliano Federico Faggin wakakesha nayo. Mwaka 1971 ikatoka Intel 4004, yenye transista, yaani swichi ndogo mno, kama 2,300. Na haki ya kuitumia ilikuwa ya nani? Ya Busicom, waliokuwa wamelipa dola 60,000. Biashara ya vikokotoo ikabana, Busicom wakataka kupunguziwa bei ya chipu. Intel wakasema sawa, na hizi hapa dola 60,000 zenu, ila mtuachie haki ya kuiuza kwa wengine wasio wa vikokotoo. Wakakubali. Mwaka 1974 Busicom ikafa. Intel mnaijua, stika yake iko kwenye laptopu zenu.

Hakuna aliyewaibia. Walirudishiwa hela yao yote, senti kwa senti. Waliuza wasichokijua kilichomo ndani. Msiwacheke, maana kule Mufindi na Njombe kila mwaka kuna mtu anauza shamba la paini changa kwa dalali kwa sababu ada ya Januari imembana, na dalali anaondoka na miaka yote iliyobaki ya ile miti.

Sasa hela. Wangapi hapa mmewahi kuingizwa kwenye kundi la simu mkaambiwa weka 50,000, itazaa kila siku? Nyosheni mikono, hakuna polisi. Naona mikono. Naona pia iliyoanza kunyooka ikashuka.

Kabla ya kubishana na mtu wa namna hiyo, fungua kompyuta. Hata ile ya RAM GB 2 inatosha. Fungua lahajedwali, ile programu ya hesabu za safu, LibreOffice ni bure. Andika 100,000. Wamekuahidi asilimia 30 kwa mwezi? Zidisha kwa 1.3, vuta chini, kila mstari mwezi mmoja. Mwaka mmoja, milioni 2.3. Miaka miwili, milioni 54. Miaka mitatu, bilioni 1.26. Miaka minne, bilioni 29. Mitano, zaidi ya bilioni 680. Kwa laki moja! Sasa niulizeni mimi: mwenye mashine ya namna hiyo anakuja kuomba laki moja yako ya nini? Angeweka laki yake mwenyewe akalala.

Ile programu ya simu inayokuonyesha salio linapanda ni ile flashi ya Mwanjelwa. Salio ni namba iliyopangwa kusemwa. "Lakini kaka, mimi nilitoa hela na ikatoka." Ndiyo, ikatoka. Si tumeona kwamba vipande vya mwanzo vinacheza? Lazima vicheze, usipoviona vikicheza hutawaita wenzako. Wazee hapa mnakumbuka DECI, ule mchezo wa kupanda hela na kuvuna, uliozimwa na serikali mwaka 2009. Watu walipanda mbegu, wakavuna, wakasimama kutoa ushuhuda. Ushuhuda ulikuwa wa kweli! Hela ya aliyevuna ilikuwa ya aliyepanda baada yake. Kipimo ni kile kile, kujaza na kurudisha: wote wakitaka chao, kipo?

Mtu mkali ataniambia, hata benki wote wakienda siku moja hela haitoshi. Amesema kweli, na ni swali zuri. Lakini ifungue benki ndani: hela imekopeshwa kwa mwenye lori la Tunduma, kwa mwenye duka Kabwe, kuna dhamana, kuna hesabu zinakaguliwa na kutangazwa, kuna Benki Kuu juu yake. Unakuta kitu. Ukiifungua ile programu ya simu unakuta orodha ya majina ya wenzako.

Na kitu halisi hakijifichi, mara nyingine kiko jirani kabisa. Kule Busokelo, Rungwe, hewa ya kabonidayoksaidi inatoka yenyewe ardhini. Kampuni ya TOL inaikusanya, inaisafisha, inawauzia watengeneza vinywaji. Zile mapovu za soda unayokunywa sasa hivi, huenda zimetoka Rungwe. Na TOL ndiyo kampuni ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza mauzo mwaka 1998. Sijasema mnunue. Nasema mtu wa Tukuyu anaweza kupanda gari akaenda kuona inachouza.

Hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba? Hela inatoka kwenye kodi, pamoja na ile unayokatwa kwenye vocha. Ya miaka 25 ilipouzwa mara ya kwanza mwaka 2021, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka, na viwango vimekuwa vikibadilika tangu hapo. Kwa milioni moja, hiyo ilikuwa 159,500 kwa mwaka, inalipwa kwa mikupuo miwili. Linganisheni na asilimia 30 kwa mwezi. Serikali nzima, yenye bandari na Mamlaka ya Mapato, iliahidi 15.95 kwa mwaka.

Wala sisemi kilicho wazi hakishuki. Vodacom waliuza hisa mwaka 2017 kwa shilingi 850, Watanzania wengi wakanunua hisa kwa mara ya kwanza maishani, halafu bei ikashuka chini ya hapo na ikakaa huko muda mrefu. Haukuwa utapeli. Ilikuwa ni biashara, na biashara hushuka. Tofauti ni kwamba hesabu zake unaweza kuzisoma usiku ukiwa kitandani, ukajua kwa nini unaumia.

Swali la mwisho lilitoka kwa mdogo wetu wa chuo cha MUST pale nyuma: "Kaka, nina laki tatu, nianze na nini?" Nilimuuliza, mashine yako ikoje? Akasema RAM GB 4, hadidiski, inachukua dakika nzima kuwaka, na anafanya kazi za kubuni mabango kwa hela. Basi jibu limo humo. Weka SSD na RAM kwanza. Hakuna mfuko Tanzania utakaokulipa kama mashine inayomaliza bango moja badala ya kukwama katikati. Kitakachobaki, fungua akaunti kwenye mfuko wa pamoja, ambako wengi wanachanga na hela inawekezwa kwa pamoja, kama Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005. Bei ya kipande, yaani fungu moja la mfuko, inatangazwa, na ripoti inakuambia hela imewekwa wapi. Kisha ongeza kila mwezi. Kwenye lahajedwali ile ile, 50,000 kila mwezi kwa miaka 10, tukikadiria asilimia 12 kwa mwaka, inafika milioni 11.5 hivi, na zako mwenyewe ni milioni 6. Ni makadirio, si ahadi, na bei za vitu nazo zitakuwa zimepanda. Na kama ada ya muhula haijalipwa, lipa ada, haya mengine yatakusubiri.

Akauliza tena, anahitaji nini ili afungue. Namba ya NIDA, mdogo wangu, na akaunti ya benki au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Si jina la shangazi.